Shajara ya mradi: feni ya Datsun 240Z ya ami, Malindi

Jumapili, 14 Januari 2024. Linachemsha

Gari ni Datsun 240Z ya 1972, injini ya L24, silinda sita, cc 2,393. Ni la ami yangu. Alikuwa kijana aina hii iliposhinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, na akaiona tena 1973 iliposhinda na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Tangu hapo hakutaka gari jingine, na miaka baadaye akalipata hili. Kwa miaka kumi na moja limelala chini ya banda la makuti nyuma ya nyumba yake mtaa wa Barani. Mwaka jana tulilifufua: breki, kabureta, matairi, tangi la mafuta. Hayo siyaandiki hapa. Shajara hii ni ya jambo moja tu, kulipoza.

Ami ametoa masharti mawili. La kwanza: "Mwanangu, fanya utakalo, lakini waya wa gari hili usikate hata mmoja." La pili ni tarehe. Mjukuu wake anaoa Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, na ami anataka bwana harusi aende Mambrui, kaskazini ya Malindi, ndani ya gari hili. Msafara wa harusi hapa kwetu unakwenda kwa mwendo wa wapiga tarumbeta. Yaani gari litatembea pole kuliko mtu mwenye haraka, saa nzima, juani.

Leo nililipeleka Mombasa kulijaribu. Kutoka Malindi hadi Kilifi nilikwenda kilomita 80 hadi 90 kwa saa na mshale wa joto haukucheza, ulisimama katikati kabisa. Daraja la Kilifi nikalivuka salama. Foleni ya Mtwapa ndiyo iliyotufichua. Dakika ya tano mshale ukaanza kupanda, dakika ya kumi na mbili ulikuwa juu na harufu ya kulenti, dawa ya maji ya kupozea injini, imeingia ndani. Nikatoka barabarani, nikazima, nikafungua boneti na kungoja dakika 40.

Kwa anayefuata nyuma yangu: kifuniko cha rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa, hakifunguliwi kikiwa cha moto, hata kwa kitambaa. Kifuniko cha presha ya baa 0.9 kinayaacha maji yafike karibu nyuzi 118 bila kuchemka. Ukikifungua, presha inatoka na maji hayo yanageuka mvuke papo hapo, usoni mwako.

Namna lilivyochemka imeshanipa nusu ya jibu. Gari likichemsha kwenye barabara wazi, tazama maji: rejeta iliyoziba, pampu, mkanda unaoteleza. Likitulia barabarani na kuchemsha kwenye foleni, tazama hewa. Kuanzia kama kilomita 60 kwa saa upepo wa mwendo unafanya kazi yote na feni ni msindikizaji. Likisimama, feni ndiyo upepo pekee lilio nao.

Nilipofika nyumbani nilifanya jaribio la gazeti. Injini inawaka, imepata moto, gari limesimama. Nikaweka ukurasa mmoja wa gazeti mbele ya rejeta. Feni nzima huuvuta ukabandika. Wangu ulitikisika kidogo, ukateleza, ukaanguka miguuni mwangu.

Nikazima, nikangoja ipoe, nikaisukuma feni kwa kidole. Ilizunguka mara saba kabla ya kusimama. Klachi ya feni ina mafuta ya silikoni ndani yake na hayo mafuta ndiyo yanayoshika. Yakivuja, mkanda unazungusha puli na mapanga yanabaki yakielea tu. Uso wa klachi hii ulikuwa na utando mweusi wa mafuta na vumbi umetawanyika kama miale. Imekufa.

Jumamosi, 20 Januari. Kabla ya feni

Kazi yangu ni majokofu na AC, na jambo la kwanza tunalofundishana ni hili: usilaumu feni kabla hujaona koili inayopozwa na feni hiyo. Nikafuata hiyo.

Themostati, mlango unaoyafungulia maji ya moto yaende kwenye rejeta, niliitia kwenye sufuria ya maji na kipimajoto changu cha waya. Ilianza kufunguka nyuzi 88. Nimeweka ya 82. Watu watatu wameniambia niitoe kabisa, "Malindi kuna joto, ya nini?" Siwafuati. Themostati inaweka kima cha chini cha joto, haina uwezo wa kulipoza gari lisilopata hewa. Ukiitoa, injini inakimbia barabarani ikiwa baridi mno, inakula mafuta na kujichakaza, na ukifika Mtwapa inachemsha vilevile.

Rejeta niliilenga kwa kipimajoto cha mfano wa bastola, gari likiwa na moto. Katikati nyuzi 86, kona ya chini kushoto 51. Kona hiyo maji hayapiti. Fundi wa rejeta alipoifungua akatoa gamba jeupe la chumvi, kiganja kizima. Ni maji ya kisima. Visima vyetu vina chumvi, na kwa miaka mtu alikuwa akijazia hayo. Kwa nje, mapezi, yale mabati membamba ya kutoa joto, ya upande unaotazama bahari yamelika hadi ukiyagusa yanabomoka kama majani makavu ya mkunazi. Fundi amezibua, ameziba njia mbili za maji kwa risasi ya kulehemu, na ameyanyoosha mapezi yaliyosalia. Ameniahidi itafaa, ila si rejeta mpya.

Gharama: themostati 1,200, kifuniko kipya 800, rejeta 3,500, kulenti na maji yaliyochujwa 2,400. Jumla shilingi 7,900. Nikajaribu tena kusimama: limechemka dakika ya 19 badala ya 12. Basi feni.

Jumamosi, 3 Februari. Klachi ya pikapu, na kosa langu la kwanza

Klachi mpya ya aina yake nimeagiza kupitia duka la spea Mombasa. Shilingi 11,500 pamoja na usafiri, na wamesema wiki nane, labda kumi. Harusi haingoji hivyo, nikaenda kwenye gereji za jua kali kutafuta ya mpito.

Nilipata klachi na mapanga yake kutoka kwa pikapu ya zamani ya Nissan, 2,500. Matundu manne ya bolti yalilingana na pampu yangu ya maji. Klachi ilishika vizuri, ukisukuma kwa kidole inagoma. Nikafunga. Nafasi kati ya mapanga na rejeta ikabaki milimita 11. Kwa jicho ilionekana inatosha. Gari limesimama, gazeti likabandika mpaka nikalazimika kulibandua. Nilifurahi mno.

Kesho yake, nikitoka kwa ami, mtu wa bodaboda akakata mbele yangu na nikafunga breki kwa nguvu. Sauti ilikuwa ya kisu kwenye sahani. Mapanga yalikuwa yamelamba rejeta, na kulikuwa na upinde mzuri wa duara umechorwa kwenye mapezi, mwanya wa kucha ya kidole.

Raba za kushikia injini ndizo sababu. Ni za tangu gari lilipotoka kiwandani, zimekuwa ngumu na zimepasuka, kwa hiyo ukifunga breki injini nzima inasogea mbele. Nilipima: niliweka kipande cha udongo wa watoto kwenye pampu, nikaendesha, nikafunga breki. Udongo ulibonyea zaidi ya milimita 14. Na klachi ya pikapu ni ndefu kuliko ya asili. Makosa mawili yamekutana, na mimi nilipima gari likiwa limetulia wakati feni inaishi ndani ya gari linalotikisika.

Ilinusurika, haikuvuja. Raba mpya za injini zimenigharimu 4,600 kwa jozi. Mapanga ya pikapu nimeyatupa: moja lilikuwa na ufa mwembamba karibu na kitovu, unaouona tu ukipinda panga kwa vidole. Panga la feni likikatika kwa kasi linatoboa boneti. Usisimame sambamba nalo kamwe ukipima injini, simama mbele kidogo au nyuma yake.

Jumamosi, 24 Februari. Feni ya umeme, upande usio wake

Kwa kuwa klachi haijafika, nimegeukia umeme. Kwa kweli nilikuwa naitamani tangu mwanzo. Feni ya umeme haijali injini inazunguka vipi, inapuliza sawasawa gari likiwa limesimama, na hapo ndipo penye shida yetu.

Nimenunua mtumba wa Japani, feni ya gari dogo la Toyota, kipenyo sentimita 30, kwa 3,000. Nilitaka kuiweka nyuma ya rejeta ivute, lakini niliiona nene. Nikaiweka mbele, upande wa grili, ili isukume. Feni ya kuvuta ukitaka isukume unageuza nyaya zake mbili, chanya na hasi, nayo inazunguka kinyume. Nikageuza. Ikapuliza kuelekea injini. Nikaona kazi imekwisha.

Siku hiyohiyo nikaijaribu nje ya duka langu, saa tisa alasiri, gari limesimama nusu saa. Haikupita nyuzi 90. Nikampigia ami simu nikampa habari njema.

Jumatatu nikarudia, saa nne asubuhi, hewa imetulia, likachemka dakika ya 21. Nikafikiri sana. Duka langu linatazama bahari. Saa tisa upepo wa pwani unaingia moja kwa moja kwenye grili, na ulikuwa ukinifanyia kazi ambayo feni haikuifanya. Tangu siku hiyo kila jaribio nafanya gari likiwa limeupa upepo mgongo, pua yake ikitazama ukuta umbali wa mita mbili, saa sita mchana. Majaribio yote ya chini ni ya namna hiyo. Anayeishi pwani na kupima gari lake akilielekeza baharini anajidanganya.

Kisha nikatoa kipima upepo ninachotumia kwenye AC. Nikaigawa grili kwa kamba iwe vyumba tisa, nikapima kila chumba, nikatafuta wastani. Feni mbele, nyaya zimegeuzwa: mita 1.1 kwa sekunde. Nikaitoa, nikaiweka nyuma ikivuta kama ilivyoumbwa: 1.8. Feni ni ileile, mota ni ileile.

Tazama panga lake kwa karibu utaelewa. Limepinda kama kijiko, na ukingo wa mbele ni mnene na wa mviringo ilhali wa nyuma ni mwembamba. Ukilizungusha kinyume linakata hewa kwa mgongo wa kijiko. Kuna feni zenye mapanga yaliyonyooka zinazovumilia kugeuzwa, hii si mojawapo. Kama unahitaji ya kusukuma, nunua iliyoumbwa kusukuma.

Na unene? Baada ya kutoa klachi na mapanga ya zamani, nafasi kati ya rejeta na pua ya pampu ilikuwa sentimita 9. Feni ina 7.5. Ilikuwa inaingia tangu siku ya kwanza, ila sikuipima.

Jumamosi, 9 Machi. Kava

Vyumba tisa vya kamba vilinionyesha jambo jingine. Katikati upepo ulikuwa mita 4 na zaidi. Kwenye kona, 0.3.

Hesabu yake ni nyepesi. Rejeta yangu ni sentimita 50 kwa 37, yaani eneo la 1,850. Duara la sentimita 30 ni 707. Feni iliyobanwa juu ya rejeta bila kava, yaani boksi linaloiunganisha feni na rejeta yote, inavuta hewa kupitia mbili ya tano tu ya mapezi, na sehemu iliyosalia inakaa bure. Hakuna mtu angeuza friji ya namna hiyo. Kondensa yoyote, ile koili ya kutoa joto, utakayoiona ina boksi linalolazimisha hewa kupita kila pembe, na gari ni vivyo hivyo. Wanaoning'iniza feni kwa zile pini za plastiki zinazopenyezwa kwenye mapezi wanapoteza hewa, na isitoshe pini zinasugua hadi njia ya maji inatoboka.

Nimekata kava kwa bati la alumini lililobaki kwenye kazi ya chumba baridi cha samaki, nikaipa kina cha sentimita 5 ili hewa ipate nafasi ya kukusanyika, nikafunga kwa riveti za shilingi 300 na mpira wa mlango wa friji ukingoni. Wastani ukapanda kutoka 1.8 hadi 2.9. Kona zikafika 2. Kwa bati la bure!

Nikaenda Gede na kurudi kwa furaha. Kufika Gede mshale umepanda, na nilikuwa kwenye kilomita 90, barabara tupu. Kava iliyofunga rejeta yote inauzuia upepo wa mwendo, kwa kuwa hewa yote sasa lazima ipite kwenye tundu la feni. Nimetoboa madirisha manne kwenye kona na kuyafunika kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, vimeshikwa juu tu. Gari likisimama feni inavivuta vinafunga, likikimbia upepo unavisukuma vinafunguka. Barabarani mshale umerudi katikati.

Jumamosi, 23 Machi. Umeme

Ramadhani. Nafanya kazi baada ya tarawehe, taa ya kichwani, ami amekaa kwenye kiti chake na birika la kahawa. Nyaya zake zinamtia wasiwasi, na ana haki.

Swichi ya joto kwanza. Nilinunua inayowasha nyuzi 82 na kuzima 77, shilingi 1,400, nikaiweka kwenye mpira wa juu wa rejeta. Feni haikuzima usiku kucha. Bila shaka: maji ya mpira wa juu yanatoka kwenye themostati, na themostati haifunguki kabla ya 82. Hapo juu hapatakuwa na 77 maadamu injini ina moto. Swichi za namna hiyo zimeumbwa kwa ajili ya chini, maji yakiwa yameshapoa. Fundi wa rejeta amelehemu nati kwenye tangi la chini kwa 500 na swichi ileile sasa inafanya kazi vizuri, inawasha, inapumzika, inawasha.

Waya. Klampu mita, kipimo cha ampea kinachobana waya, inasema feni inakula ampea 14 ikishachanganya, lakini inapoanza inaruka hadi 30 kwa kufumba na kufumbua. Fyuzi ya 15 iliungua mara ya tatu tu. Nikaweka ya 30 juu ya waya mwembamba wa milimita 1.5 niliokuwa nao, na huo ulikuwa uzembe wa hatari. Fyuzi inalinda waya, kwa hiyo waya ndio unaochagua fyuzi. Nilipoushika ulikuwa umelainika kama mshumaa. Nimeutoa wote, nimeweka wa milimita 4, rilei ya ampea 40 (swichi inayobeba umeme mkubwa wa feni), fyuzi karibu na betri. Waya 750, rilei 450, fyuzi na vishikio vyake 350.

Sikukata waya wa gari. Umeme wa rilei niliuchukua moja kwa moja kwenye nguzo ya betri, nikidhani ndiyo njia ya adabu zaidi. Usiku wa pili ami akaniita: "Njoo uone sindano ya chaji." Kila feni ilipowaka, mshale wa ampea uliruka kuelekea chaji, kana kwamba betri ni kavu. Fundi mmoja wa umeme akaamua alternata, jenereta ya gari, inazidisha na akataka kuifungua. Nikamzuia, nikafuata waya kwa kidole. Kwenye gari hili mita ya ampea imekaa katikati ya alternata na betri. Kitu chochote ukikiunga kwenye betri, umeme wake unatoka alternata, unapita ndani ya mita, unafika betrini, kisha unakwenda kwenye feni. Mita inaona ampea 14 zikielekea betrini na inasema kweli kwa kadiri ijuavyo. Isitoshe, ampea hizo zote zinapita kwenye waya na viungo vya miaka hamsini nyuma ya dashibodi. Nikahamishia ncha ya waya kwenye nguzo ya alternata kwa pete ya bolti, bila kukata chochote. Mshale ukatulia.

Jumamosi, 6 Aprili. Jaribio la usiku

Mvua za kwanza zimenyesha, nikapata nafasi ya kufanya jaribio nililoliogopa. Usiku, taa kubwa zimewashwa, waipa zinapangusa, gari limesimama, injini mizunguko 750 kwa dakika.

Alternata hii ikikimbia inatoa umeme wa kutosha. Ikiwa kwenye 750, nimepima ampea 18. Taa, waipa, na moto wa plagi vinakula karibu zote. Ukiongeza 14 za feni, pengo linafidiwa na betri. Baada ya dakika 20 volti zilishuka hadi 11.8. Na mota ya feni inafuata volti: kipima upepo kilishuka kutoka 2.9 hadi 2.2. Feni inapolegea joto linapanda, swichi haizimi tena, betri inazidi kunyonywa. Kila kimoja kinamvuta mwenzake chini.

Hapa ndipo nilipobadilisha mawazo juu ya jambo zima. Nilikuwa nachagua feni kwa kipenyo na kwa upepo wake ikiwa mpya, kwenye betri iliyojaa. Ilinipasa nianze na swali jingine: gari likiwa limesimama, usiku, mvua inanyesha, lina nguvu gani ya kuipa feni? Injini yenyewe ina nguvu tele hata ikiwa kwenye 750, umeme ndio haina.

Najua dawa ya wengi, alternata ya ampea 60 yenye regyuleta, kidhibiti cha umeme wake, ndani, na ni dawa nzuri. Lakini inataka regyuleta ya zamani itolewe na nyaya zake ziunganishwe upya. Nikamweleza ami kila kitu bila kumficha. Alinyamaza, akanimiminia kahawa, akasema, "Kama hakuna njia nyingine, kata." Nilimwona uso. Nimeamua kutafuta njia nyingine.

Jumamosi, 13 Aprili. Klachi imefika

Idi imepita Jumatano, na Alhamisi klachi ikafika na basi kutoka Mombasa, wiki kumi kamili. Urefu ni uleule wa asili. Nikaisukuma kwa kidole: haimalizi mzunguko mmoja. Nikayasafisha mapanga ya asili, nikayakagua moja moja kwa mwanga wa tochi, hayana ufa. Kwa raba mpya za injini, nafasi kati ya mapanga na rejeta ni milimita 24, na jaribio la udongo linasema injini inasogea 5 tu.

Bila kava, wastani wa vyumba tisa: 1.4. Ni chini ya feni ya umeme, na siku za Januari ningekata tamaa hapo. Sasa najua kazi iliyobaki ni ya nani.

Jumamosi, 20 Aprili. Kava ya pili

Hii imenichukua siku nne na imenigharimu 3,000: bati 1,800, kukunja na kuchomelea 1,200. Kava ya feni inayozungushwa na injini ina ugumu wake, kwa sababu kava imefungwa kwenye rejeta na feni imefungwa kwenye injini, na hivyo viwili havitikisiki pamoja. Ukibana sana mapanga yatagonga, na ukiachia sana hewa ya moto itarudi mbele kuzunguka ncha za mapanga. Nimeacha sentimita 2 pande zote. Na kwa kina, mapanga yameingia nusu ndani ya tundu la kava, nusu yako nje. Nilijaribu kuyazamisha yote ndani: 2.0. Nusu kwa nusu: 2.7. Ndiyo kanuni ileile ya feni za kondensa, nami nilikaribia kuisahau kwa kuwa hapa inanuka mafuta.

Madirisha ya mpira nimeyahamishia hii.

Jaribio: saa sita mchana, pua ukutani, upepo mgongoni, nusu saa. Tangi la chini nyuzi 81, nyumba ya themostati 92, na hapo likasimama. Nikangoja nusu saa nyingine, 92. Usiku, taa na waipa vyote vimewashwa, 91, volti 13.1.

Feni ya umeme, rilei na waya wake nimevitoa vyote. Swichi ya tangi la chini nimeiachia kazi ndogo: inawasha taa nyekundu ya shilingi 150 chini ya dashibodi maji ya chini yakifika 82. Ikiwaka na gari halijakwea mlima, jua hewa imepungua, kabla hata mshale haujaanza kupanda.

Jumapili, 28 Aprili. Mambrui

Harusi ilikuwa jana. Tulitoka Barani saa nane mchana, mimi na bwana harusi, kwa kuwa gari ni la viti viwili. Ami alikuwa kwenye tuktuk nyuma yetu, amekataa gari lenye AC ili asitupoteze machoni. Wapiga tarumbeta mbele, akina mama wanapiga vigelegele, pikipiki pande zote. Kutoka Barani hadi tukaipata barabara ya Lamu ilikuwa dakika 50, gia ya kwanza na kusimama, kusimama na gia ya kwanza. Jua kali, mawingu hamna, na umati umelizunguka gari hata upepo wa bahari haufiki.

Mshale ulipanda upana wa uzi juu ya katikati na ukabaki hapo. Taa nyekundu iliwaka mara moja, karibu na soko, tuliposimama dakika saba watu wakicheza, ikazima tulipoanza kwenda. Kila tuliposimama ami alishuka kwenye tuktuk, akaja dirishani kwangu. Hakumtazama bwana harusi. "Ngapi?" Nikamwonyesha mshale, akarudi.

Baada ya daraja la Sabaki nilikanyaga mafuta mpaka kilomita 80 na mshale ukarudi katikati.

Hesabu yote hadi leo ni shilingi 36,400. Anayeanza na gari kama hili kwa njia niliyoishia, yaani kuzibua rejeta na vitu vyake 7,900, raba za injini 4,600, klachi sahihi 11,500 na kava 3,000, atatumia 27,000. Kama gari lako lina alternata yenye nguvu na nyaya zako huzihurumii, kava ya kwanza na feni ya umeme inayovuta itakutosha, na vipimo vyake viko hapo juu.

Jumamosi, 8 Juni. Bado

Moja ya zile njia za maji zilizozibwa kwa risasi imeanza kutoa unyevu, alama ya kijani ya kulenti iliyokauka, ukubwa wa punje ya mtama. Fundi wa rejeta anaweza kuvalisha matangi ya zamani mapezi mapya ya shaba kwa 14,000. Ami ameshatoa nusu. Kusi, upepo wa msimu wa baridi, limeshika na kazi za AC zimepungua, kwa hiyo wiki ijayo nashusha rejeta, na nitapima vyumba tisa upya ikirudi.